Picha ya Wacuka na Kidole cha Nalianya

Kitendawili. Wewe unayesoma, sema tega. Hunivua ngozi mchana kweupe, nisisikie baridi wala aibu. Hujui? Basi nipe mji. Umenipa mtaa wa Lucky Summer wote, nimeuchukua, na jibu ni mashine ya picha ya kliniki.

Mashine kama hiyo iko mtaa wa Tena, juu ya duka la vyuma, kwa Daktari Mulongo. Jumamosi moja benchi lilijaa mpaka wagonjwa wakakalia ngazi. Wacuka alipanda ngazi hizo akirukaruka kwa mguu mmoja, kiatu mkononi, rinda la kitenge cha njano limemkaa vile fundi wa nguo hushona lake mwenyewe. Mkokoteni wa viazi ulikuwa umemgonga kifundo sokoni.

Aliyempiga picha alikuwa Nalianya, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lisilojua pasi.

"Tulia, dada. Usipumue."

"Kwani napumua na mguu?"

Nalianya alicheka hadi akasahau kubonyeza.

Siku hizi kliniki haitoi ile karatasi nyeusi ya kuinua mbele ya dirisha. Picha inatumwa kwa simu. Wacuka akatoa kabambe yake, ya kupiga na kupokea tu.

"Hii haitaonyesha hata ukucha," Nalianya akasema.

"Basi andika namba ya tata yangu. Simu yake ni kubwa kama sinia."

Nalianya akaiandika kwenye faili, namba ya Mama Tiffany, shangazi aliyemlea Wacuka.

"Hujavunjika. Lakini urudi Jumatano nikuangalie."

"Daktari amesema nisirudi."

"Mimi si daktari."

Alirudi. Jumatano ile ikazaa nyingine, na kabla ya mwaka kwisha Nalianya alikuwa akila mukimo kwenye kibanda cha Wacuka cha kushonea kila jioni, katikati ya vipande vya vitambaa. Wacuka akanunua simu nzuri. Namba ya kwanza kuiweka ilikuwa ya Nalianya, akaiita Mrefu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe umepiga koti pasi?"

"Nangoja nioe fundi."

"Fundi hapigi pasi ya bure, Mrefu."

Kisha tumbo la Wacuka likaanza kumsumbua. Pale kliniki alipimwa na Marion, mwenzake Nalianya kazini, aliyemwonyesha kwenye kioo: fibroidi mbili, ule uvimbe wa ndani ya kizazi, moja kama limau. Wanawake wengi wanazo, Marion alisema, lakini hizi zitahitaji kutolewa. Wacuka alijifuta yale mafuta baridi tumboni, akaenda kusimama mbele ya meza ya Nalianya.

"Hiyo picha nitumie mimi peke yangu. Baba nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno."

"Sawa, mpenzi."

Hakuwa amefika nyumbani. Alikuwa kwa mama wa sukuma, anachagua mafungu, simu ikalia. Ni baba yake, Mzee Kabiru, mzee wa kanisa.

"Wacuka, huyo mtoto ni wa nani?"

"Mtoto gani, baba?"

"Tata yako ameweka picha kwa grupu. Watu wote wa nyumba yetu wanatuma pongezi. Nakuuliza, ni wa nani?"

Na kwa sababu Mzee Kabiru hasikii vizuri, Wacuka alilazimika kupaza sauti pale barabarani, "Baba, si mtoto. Ni uvimbe. Uko kwa kizazi." Wanawake waliokuwa wakinunua nyanya waliacha kununua. Kufikia saa kumi na moja habari ilikuwa imefika kwenye grupu, wale wa pongezi walikuwa wameanza kutuma za pole, na mmoja akaandika kwamba mtoto hupatikana hata kwa kulea wa wengine.

Akampigia Nalianya.

"Nani alituma picha yangu kwa tata?"

"Mpenzi, hata sisi tunashangaa. Ni mtambo. Umetuma wenyewe."

"Mtambo una vidole?"

"Daktari anasema..."

"Sikumpenda daktari. Nakuuliza wewe. Nani alibonyeza?"

"Mpenzi, mtambo..."

Wacuka akakata.

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Kukosea namba, mtu hukosea. Lakini kumtazama mwanamke aliyevuliwa mbele ya ukoo mzima, halafu ukaionyeshea kidole mashine? Daktari Mulongo alikuwa amewaambia Nalianya na Marion kwamba kliniki ikishtakiwa itafungwa, na atakayekubali kosa aende kwao siku hiyo hiyo. Nalianya akaipenda kazi yake. Sawa. Lakini aseme basi ni kazi anayoipenda.

Alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili Wacuka akapokea.

"Nataka kuleta wazee kwa baba yako."

"Waje kumwona nani? Yule wa kwenye picha?"

"Wacuka, nakupenda."

"Hilo sikuuliza."

Wiki ya tatu, daktari wa upasuaji kwenye hospitali kubwa alitaka zile picha. Wacuka akapanda tena ngazi za Tena, rinda jeusi, nywele zimefungwa nyuma kwa nguvu. Mama Tiffany alimfuata akihema.

"Mimi nilidhani ni baraka, mama. Ningejua..."

"Tata, lako tulilimaliza nyumbani."

Benchi lilikuwa limejaa. Nalianya alimwona, akaacha kuandika.

"Nataka picha zangu," Wacuka alisema. "Na namba ya tata ifutwe kwenye faili, nikiona."

Daktari Mulongo akatoka ofisini na tabasamu lake. "Pole sana, binti. Ule mtambo ulituangusha, lakini tumeshaurekebisha."

Wacuka hakumgeukia.

"Nalianya, sitakuuliza tena. Nani alibonyeza?"

"Nalianya," daktari akasema, "kuna mgonjwa anakungoja kule ndani."

Mzee mmoja kwenye benchi alisogea kumpisha. Nalianya hakupita. Alisimama, akamtazama Wacuka, na sauti yake ikasikika mpaka kwa waliokalia ngazi.

"Ni mimi. Ulikuwa umesimama hapo hapo ukaniambia wewe peke yako, na namba yako ilikuwa kichwani mwangu. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaona ile ya tata kwenye faili, nikajiambia zote ni za nyumbani, nikabonyeza. Mtambo haukufanya kitu, Wacuka. Ni mimi."