Filimbi Nyuma ya Tipa

Mama Filimbi alipoitoa filimbi mfukoni asubuhi ile, aliikuta imelowa mate, naye hakuwa ameitia mdomoni tangu jana. Akaifuta kwenye ovaroli na kujiambia ni umande. Mtu akitaka kujidanganya hakosi neno.

Kazi yake pale kwenye ujenzi ilikuwa kuyaongoza malori ya tipa yakirudi nyuma kumwaga kokoto. Mlio mmoja mrefu, rudi. Milio mifupi mifupi, simama. Tipa kuukuu kuliko yote liliendeshwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Madereva wengine hawakumruhusu mtu kupita nyuma ya gari kabla hawajazima injini. Yeye na shemeji yake waliona hayo ni mambo ya wageni.

"Mimi na shemeji ni filimbi tu," dereva alizoea kutamba. "Hata kioo siangalii."

"Haya, mazoea yana taabu," wenzao walimtania.

Mchana, tipa lilisimama kati ya marundo mawili ya kokoto, nyuma yake ukuta wa zege. Gogo la kuzuia magurudumu lilikuwa limesogea. Mama Filimbi akapita nyuma kulirudisha huku injini ikinguruma. Hakuwa na wasiwasi, kwani filimbi ilikuwa mkononi mwake.

Hapo ukanukia udi, katikati ya vumbi na dizeli. Kisha filimbi ikalia, mlio mmoja mrefu, na ya kwake bado ameifumbata kiganjani.

Tipa likaanza kurudi.

Akapuliza mifupi mifupi, simama, simama, na ile nyingine ikamfunika kwa mlio mrefu, karibu na sikio lake, kwa pumzi ileile aliyoijua kuwa ni yake, akakimbilia kulia kokoto zikamporomokea miguuni, akageukia kushoto zikamfika magotini, akarudi nyuma mgongo ukagota ukutani, na bodi la tipa likaja polepole, kama lisilo na haraka na mtu, mpaka likamkandamiza kifua na pumzi zikawa za kuokoteza.

"Shemeji, zima!" akalia. "Nimebanwa! Nakufa, zima gari!"

Injini ikanyamaza. Akawafikiria wanawe wakitoka shule na kukuta mlango umefungwa, na machozi yakamtoka.

Kukawa na mkwaruzo chini ya gari. Shemeji akatokea akitambaa kati ya magurudumu, uso umejaa vumbi.

"Lete mkono," akanong'ona. "Nitakuvuta utokee huku chini."

"Mungu akuweke, shemeji yangu."

Akampa mkono. Vidole vikaufumbata wake, vikakaza, vikaanza kuvuta.

Mbele, kutoka kwenye dirisha la kabini, sauti ya dereva ikaita kwa woga.

"Shemeji? Nimezima. Bado sijashuka. Uko salama huko nyuma?"