Malkia wa Sparkbrook

Jamaa zangu tunaoishi ugenini, haya nawasimulia kwa sababu yametokea miongoni mwetu.

Saleha, mzaliwa wa Tanga, alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya mtaa wa Edgbaston, huku ugenini. Siku za mapumziko alikwenda mtaa wa Selly Oak kwa rafiki yake Kemunto, wakipika na kucheka. Alikuwa ametulia. Ndipo, mwaka 2005, akaposwa na Haidari.

Haidari alikuwa mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa katika kisiwa kidogo cha Fungurefu. Watu wa kisiwa hicho waliohamia Sparkbrook, mtaa wa mji huohuo, walimtawaza katika ukumbi wa kukodi, na Saleha, ingawa si wa kwao, akavishwa taji siku ya harusi. Nani asingefurahi?

Lakini ufalme wenyewe ulikuwa sebule moja yenye wageni wasiokwisha. Saleha aliachishwa kazi na mumewe. Akakatazwa kwenda kwa Kemunto. Akawa anashinda ghorofani dirishani, akikaa, akisimama, akikaa tena, akiwaonea wivu wanawake waliopita na mboga zao kutoka maduka ya Ladypool Road.

"Nitoke hata dukani," aliomba.

"Malkia habebi mifuko," alijibu Haidari. "Tayari watu wananung'unika kwamba nimeoa mgeni."

Mimba yake ilipofika miezi mitano, asubuhi moja tumbo lilimkata, damu ikamtoka. Chini walikuwapo wazee wa baraza la kifalme. Alimwita mumewe ngazini.

"Nipeleke hospitali."

"Subiri wageni waondoke. Gari la wagonjwa likisimama mlangoni, habari itafika kisiwani leo leo."

Saleha alimtazama. Kisha akashuka, akapita katikati ya wazee wale bila viatu, kanga ina damu, akaenda kugonga kwa jirani yake Paramjit. Mama yule alichukua ufunguo wa gari.

Kwa rehema za Mungu damu ilikatika, mimba ikanusurika. Jioni Haidari alifika hospitali pamoja na mama yake, Bi Asmahan.

"Umeniaibisha mbele ya baraza," alisema Haidari.

"Hujaniuliza kama mtoto yu hai."

Bi Asmahan, ambaye tangu harusi hakuwahi kumtetea mkwewe, aliketi kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Wangu wa kwanza nilimpoteza hivi hivi," alimwambia mwanawe, "baba yako akiwa na wageni. Mpe talaka yake, Haidari. Usimrudishe mtoto wa watu katika nyumba ile."

Akampa. Saleha alihamia kwa Kemunto, akajifungua binti, na baadaye akarudi kazini. Haidari angali na kiti chake, ila wanaokuja kumwamkia wamepungua. Mama yake hupanda treni kwenda kumwona mjukuu.

Funzo

Ukubwa usiomhurumia aliye ndani ya nyumba ni ukatili tu, hata ukivishwa taji. Enyi waume, mke si pambo la sebule. Nasi tulioumia zamani tusinyamaze mpaka yamfike mwingine. Bi Asmahan alisema, na nampongeza. Lakini alikuwa na miezi mingi ya kusema kabla ya damu.