Chujio Lililoachwa Tupu

Kompyuta ililia mlio wa kupokea kifaa, sauti mbili fupi, ya chini kisha ya juu, ilhali waya ulikwisha chomolewa na fundi mwenyewe alikuwa ameushika mkononi. Hakukuwa na kitu kilichochomekwa. Alikuwapo mama yake tu, amesimama upande wa pili wa meza, kiganja chake kimetulia juu ya mashine kana kwamba anaipima homa.

"Imesema nini?" mama akauliza.

Fundi akatabasamu. Swali lile lilimfurahisha kuliko mlio ulivyomshangaza, kwa kuwa mama alikuwa ameusikia.

Masikio ya mama yalikuwa yamefifia kidogokidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Mezani alicheka nyuma ya wenzake, nusu pumzi baada ya kila mtu, kwa kuchungulia nyuso zao. Watu walipochoka kumrudia maneno, naye alichoka kuuliza, akazoea kukaa chumbani kwake peke yake, mlango wazi. Vifaa vyake vya kusikilizia vilikuwa vizima, ila vilihitaji kurekebishwa upya, na programu ya kuvirekebisha ilikuwa ya zamani mno, haikukubali kuendeshwa na mfumo wa kompyuta yoyote ya sasa. Kliniki iliyovitoa ilikwisha fungwa. Fundi alikuwa akitengeneza kompyuta za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao, akaapa kwamba mama atasikia tena.

Akausimika mfumo wa zamani ndani ya mfumo mpya, ukawa kama mgeni aliyepewa chumba kwenye nyumba ya mwenyeji. Dada yake mkubwa, aliyeishi mtaa wa pili na ambaye ulimi wake haukujua kulala, alipoelezwa hivyo alicheka. "Basi ndiyo hiyo," akasema, "mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwenyeji hakupona upesi. Kisanduku cha kurekebishia, ambacho mama alikivaa shingoni kama mkufu na waya wake wa USB ukaenda hadi kwenye kompyuta, kilionekana na mwenyeji, lakini mgeni alikikana katakata. Fundi alibadilisha waya, akabadilisha tundu. Akaweka draiva, ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa. Akaiondoa, akaiweka tena. Akajipa kila ruhusa iliyodaiwa. Mgeni akabaki kiziwi.

Likabaki chujio. Hapo ndipo zinapoandikwa namba za kifaa kinachoruhusiwa kuvuka kutoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, ili vingine vyote vizuiwe. Hakuna fundi asiyejua kwamba namba hizo huandikwa, na yeye alijua. Lakini mama alikuwa ameketi pale tangu asubuhi, mikono mapajani, akimtazama kwa subira iliyomchoma moyo. Akaziacha nafasi zote tupu, akahifadhi, akijiambia kwamba ataziandika baadaye. Chujio tupu halizuii kitu: chochote kitakachoshikana na mashine, mgeni hukichukua.

Kisanduku kikavuka papo hapo. Kwenye skrini, upande ambao mama hakuuona, maneno yakatokea: *Kifaa kipya kimepokewa. Kiko tayari kutumika.*

Fundi akarekebisha sauti, akachomoa waya. Ndipo ulipolia ule mlio usiokuwa na sababu, mama akiwa ameegemeza kiganja pale.

Mchana ule mama alicheka pamoja na wenzake, pumzi kwa pumzi. Dada akajifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Fundi akala kwa kiburi kitamu cha mtoto aliyelipa fadhila, na chujio akalisahau.

Haukupita muda mrefu, mama akaanza kucheka mapema.

Dada alikuwa akisimulia habari za bosi wake aliyekalia benchi lililopakwa rangi mbichi. Kabla benchi halijatajwa, mama alikwisha angua kicheko. Wakasema ni werevu wake wa zamani umerudi. Kisha akawa anajibu maswali yasiyoulizwa. "Sijambo," alikuwa akisema, na mtu bado anavuta pumzi ya kumsalimu. Na chumba cha mbele, kilichokuwa na madirisha mawili wazi na jua tele, kikaingiwa na harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Adhuhuri moja fundi alirudi kutoka uani akamkuta mama kwenye meza ya kazi. Vifaa vya masikio alikuwa amevivua, vimelala mezani kama maganda ya mbegu. Kiganja kilikuwa juu ya mashine, naye alikuwa akinong'ona, "Karibu. Bado mwanangu hajaniuliza. Karibu."

"Mama, unaongea na nani?" fundi akauliza, kwa sauti ya chini aliyojua kwamba mama, masikio yakiwa matupu, hawezi kuisikia.

"Punguza sauti, mwanangu. Anasikia."

"Nani?"

"Anayeniambia mtakayosema. Mwanzo alikuwa akinirudishia maneno yenu. Siku hizi ananitangulizia." Akagusa midomo yake. "Jana ameniomba mdomo. Aliuliza kama ninautumia sana."

Dada alikwenda kumwita Shangazi yao, mshonaji wa sare za shule, ambaye majirani walimtafuta kila walipokutwa na jambo lisilokuwa na dawa ya dukani. Alifika na futi ya kupimia nguo shingoni. Hakufukiza kitu. Alinusa hewa, akaketi, akamgeukia fundi.

"Kilichoingia kwa ruhusa hutolewa kwa kuifuta ruhusa ileile," akasema. "Uliruhusu nini kivuke?"

Dada alikuwa akimkazia macho. Kompyuta za wateja zilikuwa zimepangwa ukutani, kana kwamba nazo zinasubiri jibu. Fundi akaona aibu kusema kwamba kazi ambayo angemfokea mwanagenzi kwa kuiharibu, ameiharibu yeye, na tena kwa mama yake mzazi.

"Kisanduku tu."

"Hicho tu?"

"Nilikiandika kwa namba zake."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Shangazi akasema kwa upole. "Sikusuti, baba yangu. Nauliza ili nijue nifunge mlango upi."

"Ni kisanduku tu, Shangazi."

Basi Shangazi akakifunga kisanduku kwa kitambaa cheupe, akaanza kukisomea. Akasoma, na harufu ya kisima ikapanda kutoka sakafuni hadi magotini na kutoka magotini hadi puani, na feni za zile kompyuta za ukutani zikaanza kuvuma moja baada ya nyingine ingawa hakuna iliyokuwa na umeme, na mama akajikunja kitini huku midomo yake ikitamka kila neno la Shangazi kabla Shangazi hajalitamka, upesi na upesi zaidi, hata ikawa ni kama yeye ndiye anayesoma na Shangazi ndiye anayemfuata, mpaka mshonaji akakipiga kisanduku chini kikapasuka, na mashine ikalia mlio wa kuachia kifaa, sauti ya juu kisha ya chini. Feni zikasimama. Harufu ikakatika.

Fundi akaufuta mfumo mgeni, akachomoa waya wa umeme, akaiweka mashine juu ya kabati. Mama akarudi katika uziwi wake. Alipocheka tena nyuma ya wenzake, nusu pumzi, walimshukuru Mungu kwa kile walichokuwa wamekililia.

Lakini uongo ni mwiba wa samaki, hukaa kooni. Alasiri moja, mama akiwa kwenye kiti chake chumba cha mbele, amempa mgongo, masikio matupu, fundi akakata shauri. Akavaa viatu. Akafungua mdomo aage kwamba anakwenda kwa Shangazi.

Mama akacheka.

"Usiende," akasema bila kugeuka. "Utamwambia nini? Kwamba hukuandika namba?"

Fundi hakuwa amesema neno. Jambo lile hakuwahi kumwambia yeyote. Mama akainuka, akamjia taratibu, akamshika mkono juu ya kifundo, kiganja kimetulia kama cha mtu anayepima homa. Kiganja kilikuwa na baridi ya maji yasiyoona jua.

Juu ya kabati, mashine isiyokuwa na waya ikalia. Ya chini, kisha ya juu.

"Kifaa kipya kimepokewa," mama akamnong'oneza sikioni. "Kiko tayari kutumika."

Jioni Dada alipita kuwajulia hali. Akasimama mlangoni, akainua mkono abishe hodi. Kidole hakijagusa mbao, sauti mbili zikamwitikia kutoka ndani, pumzi kwa pumzi:

"Karibu."