Nilijibu Kama Sajenti

Ilikuwa 2019, nikiwa na miaka hamsini na saba, niliposhikwa kwa wizi wa kutumia silaha. Mimi. Mtu niliyeacha shule darasa la tatu, nikatumikia jeshi mpaka usajenti, nikatoka mkono mtupu, nikajenga garaji ya pikipiki hapa Mutakura kwa jasho langu. Sikumwomba mtu. Wasomaji wenzangu, mkasa huu usomeni polepole...

Garajini nilifanya kazi na shemeji yangu Saidi, kaka wa mke wangu Hadija. Nilimfundisha injini kabla hajaota ndevu. Stoo ya nyuma nilimwachia yeye, sikuingia humo. Shemeji utamkagua vipi?

Asubuhi moja polisi walifungua stoo ile wakakuta pikipiki mbili zimepakwa rangi upya. Mwenye moja alikuwa amenyang'anywa na kupigwa risasi ya goti. Wakauliza mkubwa wa hapa ni nani.

Nikasimama wima, visigino pamoja. "Hapa mi ndiyo shefu. Kila kitu mi najibu."

Jeshini tulifundishwa hivyo. Askari wako akikosea, sajenti anajibu kwanza mbele ya wakubwa, mengine mnamalizana wenyewe. Nilidhani nasema neno la kiume. Wao wakaandika kwamba nimekiri! Saidi, aliyeshikwa pamoja nami, alipoona hivyo akasema mimi ndiye niliyemtuma, na bunduki iliyotumika ni yangu ya zamani. Nani asingeamini? Mwanajeshi mzee na bunduki...

Porini risasi zilinipita juu ya kichwa, sikutetemeka. Gerezani nilitetemeka. Wafungwa wenzangu waliniambia kifungo cha kosa kama hili mtu wa umri wangu hakimalizi. Nikajiona natoka humo ndani ya sanda.

Aliyekuja kunitetea ni Dezire. Zamani alikuwa askari wangu. Bomu liliua sikio lake la kushoto. Alipotoka jeshini alilinda geti la chuo usiku, na mchana akaingia darasa la sheria katikati ya watoto. Tulimcheka sana. "We mutu wa bunduki, leo unasomea mudomo?" Alisoma, akaanguka mtihani, akarudia. Leo ni avoka, wakili wa kesi za jinai, na joho lake analifunga vifungo vyote kama gwanda.

Nilimuuliza kwa nini alichagua kutetea wezi.

"Shefu, jeshini walinipa kulinda mulango wa tribinali. Pale kortini niliona watu wanafungwa juu ya namna walijibu, apana juu ya kitu walifanya. Kama we."

Kisha akaniamuru nikaseme mbele ya jaji kwamba sikujua.

"Shefu gani hajui kitu iko mu nyumba yake? Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Ao unataka kuzeekea humu na heshima yako?"

Siku ya kesi ilifika. Saidi hakunitazama. Hadija alikaa nyuma, ameziba mdomo kwa mtandio. Nilijua, na yeye alijua... neno litakaloniokoa mimi litamzamisha kaka yake.

Dezire alinigeuzia sikio lake zima. "Muzee, askari akipoteza bunduki, nani anajibu kwanza?"

"Sajenti."

"Hata kama sajenti hakuwa pale?"

"Hata kama alikuwa hospitali."

Jaji akaacha kuandika, akanitazama.

"Na hizi pikipiki, ulijua?"

Nikatazama ukuta. "Apana. Sikujua. Nilidanganywa kama mutoto, mu nyumba yangu mwenyewe."

Watu walicheka. Machozi yalinitoka mbele ya vijana niliowafundisha kazi.

Jaji akamgeukia Saidi: huyu mzee alikutuma wapi, lini, kwa maneno gani? Saidi akasema hivi, akasema vile, maneno yake yakapingana. Mimi niliachiwa. Yeye alifungwa.

Wenzangu mliovaa gwanda, nanyi wakubwa wa maduka na wa familia, nawasihi. Ukiulizwa na sheria, jibu la kwako tu. La mwenzako usilibebe kwa kutaka kuonekana mkubwa. Na kabla ya kufungua mdomo, mwite wakili. Mimi niliokoka kwa kuwa wakili wangu alivaa buti kabla ya joho. Wewe utampata wapi wa namna hiyo?

Hofu haijanitoka. Gari lisilojulikana likisimama mbele ya garaji, spana inaniponyoka mkononi.

Leo nina nyumba ya matofali Cibitoke. Nina garaji, kompresa moja, mashine ya kuchomelea, mbuzi watatu. Hadija alirudi kwao Gihosha. Alisema hawezi kula sahani moja na mtu aliyemfungisha kaka yake. Nina sufuria mbili. Napika mwenyewe.