Chupa Isiyo na Shanga

"Pipa limefunguliwa," ilisema sauti kutoka kifaa kidogo sikioni.

Fergus Haldane hakugeuza kichwa. Alivuta mkono wa koti, akatazama Seiko yake. Saa saba na dakika kumi mchana.

"Ngapi?" aliuliza bila kuchezesha midomo.

"Chupa moja tu. Iko kwenye meza ya Velt. Haijatoka."

"Mchukuaji?"

"Hatumjui. Majina ni kumi na moja, Fergus. Chupa ikivuka mlango, hakuna hata mmoja wao atakayeiona Jumapili."

Sauti ikakatika.

Mvua ya Glasgow ilipiga paa la vioo la ukumbi wa tamasha la wiski. Chini yake palikuwa na meza sitini na watu elfu moja na mia mbili, kila mmoja ametundika glasi shingoni kama ng'ombe na kengele yake. Wenye viwanda vya wiski walikuwa wametoka bonde la Speyside na visiwani. Walikumbatiana, wakatukanana kwa upendo, wakaonjeshana wiski waliyoitunza katika mapipa miaka na miaka.

Kila mtu humo alikuwa na wa kugonganisha naye glasi.

Fergus alikuwa na sauti ya mwanamke ambaye katika miaka tisa ya kufanya naye kazi hajawahi kumwona uso.

Alivaa beji ya msimamizi wa tamasha. Chini ya kwapa alikuwa na bastola ya Glock 26, ambayo hangeweza kuitumia mahali palipojaa pombe kali na wake za watu. Alitembea taratibu kati ya meza, macho yakiwa kwa Konrad Velt.

Velt alijiita mfungaji wa wiski. Alinunua mapipa ya wiski ya wengine, akaitia wiski hiyo katika chupa zenye nembo yake. Hiyo ilikuwa kazi ya mchana. Kazi yake hasa ilikuwa kubeba siri kwa ajili ya serikali moja ya kigeni. Wiki hiyo alikuwa na filamu ndogo kama ukucha, yenye majina ya watu kumi na moja wa Idara ya ujasusi ya Fergus, waliojificha ndani ya serikali hiyo. Hakuna aliyekuwa ameisoma bado. Ilifichwa katika chupa moja kati ya zake.

Ipi?

Polisi wakivamia, mchukuaji angejitia mnunuzi kama wanunuzi wengine, akatokomea na mkoba wake mvuani. Fergus alipaswa kumshika mtu mmoja, mara moja, na awe ndiye.

"Hebu simama, wewe!"

Fergus alisimama.

Mzee mmoja aliyevaa kilti iliyopauka, ile sketi ya wanaume wa Skotlandi, alikuwa ameinama juu ya meza ya kiwanda kidogo cha Burnfoot. Pua yake ilikuwa nyekundu, na mkongojo ulikuwa umeegemea kiti. Beji yake ilisema Dod Cruickshank.

"Wewe si Innes? Innes wa Wattie Rattray, fundi mapipa wa Rothes?"

Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyelitamka jina lake hilo la kuzaliwa mbele yake.

Innes Rattray alikuwa marehemu. Idara ilimzamisha baharini kwenye karatasi tu, karibu na Peterhead, kisha ikapeleka kwao jeneza lililopigwa misumari. Mtu asiye na baba wala mama hatishwi kwa ajili yao. Ndivyo walivyomweleza, naye akakubali kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na alidhani ni jambo dogo.

"Umenifananisha, mzee wangu," alisema. "Mimi wa Carlisle, kule kwa Waingereza."

"Carlisle! Pole sana." Dod alicheka, lakini macho hayakumwachia. "Masikio hayo ni ya kina Rattray, bwana. Nilimwambia Wattie, mwanao siku upepo ukivuma tutamfuata Norwei."

"Masikio yapo mengi."

"Ni kweli." Mzee alishusha pumzi. "Na jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Nisamehe. Uzee huu, naona watu wasiokuwepo."

"Usijali."

Fergus alitaka kuondoka. Miguu ilichelewa kidogo.

Kijana mmoja mwenye kofia alinyoosha glasi. "Babu, una soda ya kola nichanganyie?"

"Kola?" Dod alishika kifua. "Kijana wangu, mama yako anajua uko nje? Tia kola humu nikuitie polisi. Hebu njoo nikufundishe kitu, usirudi kwenu bure."

Akatwaa chupa iliyozibwa. Akaitikisa kwa nguvu, mara tatu, akaisimamisha kwenye mwanga.

"Tazama shingoni. Unaziona zile shanga?"

Mapovu yalikuwa yamejipanga juu ya wiski, manene, mang'avu. Yalikaa. Yakaendelea kukaa.

"Pombe kali hushika shanga. Pombe dhaifu huziachia upesi. Na chai," mzee alikonyeza jicho, "chai hutoa fuko la povu la sabuni tu. Zamani bwana forodha alidanganyika kwa karatasi. Kwa shanga, hadanganyiki mtu."

Fergus aliganda.

Aliona karakana ya Rothes. Aliona baba yake na aproni ya ngozi, akitikisa chupa mbele ya dirisha. Na aliona jambo jingine, la haraka, la kazi. Filamu ndani ya chupa lazima ibandikwe kwa gundi nyuma ya nembo. Pombe ya nguvu ile ingeila gundi kwa saa moja.

Velt asingeweza kutia wiski katika chupa ile.

"Kituo," alimnong'oneza yule mwanamke wa sikioni, akiondoka. "Anayebandika stika mlangoni, mpe mapumziko."

"Sababu?"

"Nakaa mimi."

Mlangoni palikuwa na meza ndogo. Kila chupa iliyonunuliwa ilibandikwa stika nyekundu hapo kabla ya kutoka. Fergus aliketi, akashika karatasi ya stika.

Saa nane na nusu, sauti ikarudi.

"Velt anatoa chupa. Wateja watatu kwa mpigo. Mwanamume mwenye ndevu. Bwana mnene na mkewe. Mwanamke wa koti la kijani. Wote wanakuja kwako."

"Nimewaona."

"Ni yupi?"

"Ngoja."

Mwenye ndevu alifika kwanza. Mkoba mweusi, chupa yenye maandishi ya dhahabu, kilevi asilimia hamsini na tisa.

"Tunahakikisha vizibo," Fergus alisema. "Vimekuwa vikivuja."

Akaitikisa mara tatu, akaisimamisha kwenye mwanga.

Shanga zilikaa.

"Safi. Kunywa polepole."

"Nitajaribu," alisema yule mtu, akaenda zake.

Bwana mnene alikuwa akigombana na mkewe juu ya treni ya Perth. Fergus akatikisa. Shanga zilikaa, nono kama za harusi. Akabandika stika.

Mwanamke wa koti la kijani hakuitoa chupa mkobani.

"Yangu haivuji," alisema.

"Ni sekunde moja tu, mama. Wakubwa wamesema."

Alimtazama, kisha akaitoa. Mkono wake wa pili ulibaki mfukoni.

Fergus akatikisa mara tatu.

Povu lilijaa shingoni, jepesi, la kijivu, kama la mashuka yanayofuliwa.

Hapo mkono wake ukafanya jambo ambalo hakuuagiza. Uliinua chupa ukaiweka sikioni. Haikuwa na maana yoyote. Baba yake alikuwa akifanya hivyo, kila chupa, kila siku, kama mtu anayesikiliza mlango.

Alipoinua macho, Dod Cruickshank alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, pai ya nyama mkononi. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Kijani," Fergus alisema.

Mwanamke alisikia.

Kalamu ya chuma ilitoka mfukoni, ncha yake ikiwa sindano. Fergus aliihamishia chupa kwapani, akadaka kifundo cha mkono sentimita mbili kutoka shingoni mwake, akakipinda. Kalamu ikaanguka chini ya meza. Akaikanyaga.

Velt alikuwa anakuja mbio kutoka ukumbini, mkono ndani ya koti.

Mkongojo wa mzee ulichomoka pembeni, chini, katikati ya miguu yake. Velt alianguka kifudifudi juu ya pai ya nyama iliyomponyoka Dod.

"Ooh, samahani bwana!" Dod alipaza sauti. "Uzee mbaya! Na pai yangu je?"

Polisi wawili waliovaa kilti walishawafikia. Wakamwinua Velt huku na huku, wakamshika mwanamke mabega.

"Wamezidisha tu," polisi mmoja aliwaambia watu. "Hutokea."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye glasi zao. Katika tamasha la wiski, hakuna anayeshangaa mtu akitolewa amebebwa.

"Chupa?" iliuliza sauti.

"Kwapani."

"Yaliyomo?"

"Chai."

Fergus alidhani alisikia mtu akivuta pumzi, mbali sana.

"Kumi na moja watalala salama. Gari liko mlango wa nyuma. Volvo ya kijivu. Jina lako jipya liko kwenye bahasha, kiti cha mbele."

"Nasikia."

Kwenda mlango wa nyuma ilimbidi apite meza ya Burnfoot. Dod alikuwa amesharudi kwenye meza yake. Alikuwa amemimina glasi mbili.

"Bwana wa Carlisle," alisema, bila kumtazama. "Una dakika?"

"Moja."

"Nilikuwa na rafiki. Alizika mwanawe. Tulipolishusha jeneza, lilielemea upande mmoja, kisha tukasikia kitu kinabingirika. Tok, tok. Mtu aliyekufa habingiriki." Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Sisi tukatazamana. Rafiki yangu alikuwa fundi mapipa, alijua uzito kuliko sisi sote. Hakusema kitu. Ila njiani kurudi, alikuwa anapiga mluzi."

Fergus aliishika glasi.

"Kila mkesha wa mwaka mpya alimimina mbili," Dod aliendelea. "Hadi alipotutoka, mwaka wa sita sasa."

"Na ile ya pili, nani alikunywa?"

"Mimi. Iharibike?"

Fergus alitaka kucheka na hakuweza. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo baba yake angemkemea, akaiweka glasi mezani.

"Alikuwa mtu wa bahati, kuwa na rafiki kama wewe," alisema.

"Alikuwa mbishi. Nenda, utachelewa."

Alifunga vifungo vya koti. Alitembea bila haraka, chupa kwapani, kati ya watu waliokuwa wakiitana kwa majina. Nyuma yake alimsikia yule kijana wa kola.

"Babu, yule ni nani?"

"Nani? Simjui," alisema Dod Cruickshank kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Umri huu, nafananisha watu."

Fergus alisukuma mlango, akaingia mvuani.