Nguo Zote Zimekatwa Mgongoni

Soko lilifurika siku hiyo, ukiinua mguu hupati pa kuurudisha. Msichana alisukumwa na wachukuzi, akaangukia meza ya fundi cherehani aliyekuwa akishona kibarazani. Mfuko wake ukamwaga gauni la kijani juu ya cherehani.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Hapana."

Alivaa sketi nyeusi iliyopigwa pasi na blauzi nyeupe, na uso wa mtu anayesubiri jina lake liitwe ofisini. Fundi alilikunjua gauni. Jipya kabisa, lebo bado inaning'inia, ila mgongoni limepasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Hili limefanywa nini?"

"Lilinasa kwenye msumari."

"Msumari huo una makali! Niachie, uje kesho kutwa."

Aliporudi, fundi alikuwa amepachika kipande cha shati kuukuu lenye mistari, ungedhani gauni lilizaliwa hivyo. Msichana aliligeuza huku na huku. "Zuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Wiki iliyofuata akaleta shati. Halafu blauzi. Halafu gauni jingine. Zote mpya, zote mgongoni. Fundi viatu, jirani wa kibaraza, akambatiza Bi Misumari.

"Shemeji, nyumba yenu ina kuta kweli, au ni misumari mitupu?"

"Kuta zipo," alijibu, na fundi cherehani akaona mdomo wake ukitaka kucheka, ukaacha.

Ndivyo mapenzi yalivyoanza. Jioni simu ilikuwa haipoi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Na mimi je, unanikumbuka?"

"Wewe nakukumbuka. Umejaza pini mdomoni."

Lakini fundi alikuwa na jicho la kazi. Msumari huvuta nyuzi, na nyuzi hizi zilikatika sawasawa. Huu ulikuwa mkasi. Zamani mteja mmoja aliwahi kumletea sanduku zima la magauni yaliyokatwa na mume mwenye wivu. Fundi akajumlisha moja na moja. Hakuuliza. Akaacha kupokea simu.

"Mke wa mtu simtaki," alimwambia fundi viatu.

"Amekwambia ana mume?"

"Nguo zimeniambia."

Msichana alipiga mara nne, kisha akaweka simu kitandani. Aliwaza, ameijua kazi yangu. Hakulia. Alikunja nguo za kesho, akalala.

Jumamosi mchana alisimama mbele ya cherehani.

"Hupokei simu."

"Mumeo anajua umekuja?"

"Mume yupi?"

"Huyo anayekukatia nguo."

Msichana aliweka mfuko mezani. "Anayezikata ni mimi."

Akaeleza, wima, bila kupandisha sauti. Anafanya kazi nyuma ya duka kubwa la nguo, kwenye chumba kisicho na dirisha. Msimu ukipita, zisizouzwa huletwa kwake. Kazi yake ni kuzipasua mgongo, asitokee mtu wa kuziokota akavaa bure. Kisha lori la taka linazichukua.

"Ngapi?"

"Mia mbili kwa siku."

Nyundo ya fundi viatu ilinyamaza.

"Mia mbili!" Fundi alisimama. "Mimi hapa nageuza kola nusu siku shati la mtu lipate mwaka mmoja zaidi, na wewe... Na mimi unaniletea moja?"

"Moja kwa wiki. Ndiyo inayoenea chini ya blauzi bila mlinzi kuona. Ukishaishona, nampa mtu avae." Akautazama mkasi uliokuwa mezani. "Nilijua utanichukia."

"Sijakuchukia. Nilidhani unapigwa."

"Ningepigwa ningesikia. Mle sisikii kitu tena."

Fundi aliketi taratibu. Hasira zilimwisha, asijue zimekwenda wapi.

"Acha kazi ile, mpenzi."

"Wataajiri mwingine. Nguo zitakatwa vilevile."

"Najua. Lakini hazitakatwa na wewe. Hapa nahitaji mkono ulionyooka kama wako." Akamtandikia koti kuukuu la mteja. "Wanataka litoke la mtoto. Chaki nimeshachora."

Msichana alishika mkasi, akaulaza juu ya mstari. Watu walipita, wakamgonga mabega. Hakukata. Dakika ikapita.

"Vipi?" fundi akauliza.

"Lina mwenyewe hili."

"Ndiyo."

"Nikikosea?"

Aliinua mkasi, akautazama tena mstari wa chaki.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi tumwachie upindo mpana, atakua." Akasogeza mkasi vidole viwili nje ya chaki.

"Posa niilete kwa nani?" fundi akauliza, kama anayeuliza kipimo.

"Kwa shangazi. Ila si Jumatatu. Jumatatu nakwenda kuwarudishia mkasi wao."

Hakuinua uso. Akakata.