Lugha Mbili za Sayda

Kijijini kwetu Wayllapata, juu milimani, siku huanza na alpaka, wanyama wetu wa manyoya. Kabla jua halijafika zizini, Zenovia Ccoyllo huwa amekwisha kuwasha moto na kubandika supu ya shayiri. Mama mkwe wake, Bi Asunta, huwa amekwisha kufungua zizi. Bibi huyu ana miaka sabini na miwili, na bado anawashinda vijana kwa kupanda mlima.

Bi Asunta anajua lugha moja, Kikechua, lugha ya wazee wetu. Zenovia na mumewe Eulogio wanajua mbili, Kikechua na Kihispania. Lakini binti yao Sayda, alipofikisha miaka sita, alijua Kihispania kidogo tu. Kikechua cha utotoni alikuwa amekisahau kabisa.

Wazazi wake ndio walioamua hivyo. Sayda alipoanza chekechea, mwalimu mmoja alimwambia Zenovia kwamba lugha mbili humchanganya mtoto. Alimshauri waache kusema Kikechua nyumbani. Eulogio alikubali upesi. Alipokuwa mdogo, wenzake shuleni walicheka namna alivyosema Kihispania. Akaacha shule darasa la nne. Aliapa kwamba binti yake hatachekwa. Akanunua simu, akaijaza katuni za Kihispania, akampa Sayda.

Tangu siku hiyo wazazi walisema na Sayda maneno machache ya Kihispania: njoo, kula, kalale. Mengine yote waliiachia simu. Bi Asunta aliambiwa asimsemeshe mtoto Kikechua. Kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine, alinyamaza.

Mwezi wa sita, baridi inapokuwa kali, sisi hutengeneza viazi vikavu. Viazi hulazwa nje vigande, kisha hulowekwa wiki kadhaa katika mashimo kando ya mto. Juu ya mashimo hutandazwa majani makavu. Usipojua, utadhani ni ardhi.

Asubuhi moja Bi Asunta alikwenda mtoni kuangalia viazi. Sayda alimfuata. Mtoto aliona majani yale yanang'aa kwa barafu, akayakimbilia. Bibi akamwita kwa sauti, akamwambia asimame, pale ni shimo. Alisema kwa Kikechua. Sayda aligeuka, akamtazama, akatabasamu. Kisha akakanyaga.

Alizama mpaka kifuani. Bi Asunta alifungua shuka lake la mgongoni, akalala kifudifudi ukingoni, akamrushia ncha moja. Mtoto hakuelewa anachoambiwa afanye. Bibi alilazimika kuingia mwenyewe majini kumtoa.

Sayda aliugua mapafu. Alilala siku tano katika zahanati, na kwa siku mbili za mwanzo muuguzi hakuwaambia wazazi lolote la kuwatuliza. Siku ya tatu homa iliposhuka, Bi Asunta alimwambia Zenovia jambo alilokuwa amelibana kwa miaka miwili.

"Mkwe wangu, mimi nyumbani kwenu nimekuwa kama ng'ombe. Nalishwa vizuri, lakini sina wa kusema naye. Nilimwita mjukuu wangu kwa lugha niliyonayo. Ningemwita kwa ipi nyingine?"

Zenovia aliinama akalia. Lakini alipofuta machozi alikuwa ameshaamua kwamba mambo hayawezi kubaki vile. Alimweleza muuguzi, naye akamwambia kwamba ng'ambo ya mlima yupo mtu anayelijua jambo hilo, mwalimu Hermelinda Pariona. Kwa miaka mitatu Hermelinda alikuwa akichunguza jinsi watoto wa milimani wanavyojifunza lugha, nyumbani, shuleni na kwenye simu. Utafiti wake aliufanya kwa kukaa jikoni kwa watu na kusikiliza. Sayda aliporudi nyumbani, Zenovia alitembea saa mbili kwenda kumtafuta.

Hermelinda alikuja Jumamosi. Alikunywa supu, akawasalimu wote kwa Kikechua, kisha akakaa chini karibu na Sayda. Kwa Kihispania alimwomba amwonyeshe anachopenda kutazama. Sayda alifurahi. Akataja rangi zote, akahesabu mpaka hamsini, akaimba wimbo wa sungura. Eulogio alikuwa mlangoni, amejaa fahari.

Kisha Hermelinda akamwuliza Sayda, bado kwa Kihispania, ilikuwaje siku ile mtoni.

Sayda alifungua kinywa. Akasema, "Maji." Akatulia. Akasema, "Bluu." Kisha akamtazama mama yake, akaanza kulia.

Zenovia akampakata. Eulogio alisema polepole, kama mtu anayejisemea, kwamba binti yake anahesabu mpaka hamsini lakini hawezi kueleza jinsi alivyokaribia kufa.

"Sayda ana akili nzuri," Hermelinda akamwambia. "Kinachokosekana ni mtu wa kuongea naye. Simu inasema, lakini haimngojei ajibu. Haioni uso wake. Bi Asunta akisema 'shika', ananyoosha mkono, anaonyesha kitu, anamtazama machoni. Neno linaingia pamoja na mkono na jicho. Mtoto hujifunza lugha hivyo."

Eulogio aliuliza vipi kuhusu kuchanganyikiwa. Hermelinda alieleza kwamba watoto wengi duniani hukua na lugha mbili au tatu. Mtoto akichanganya maneno ya lugha mbili, si ugonjwa. Anatumia alichonacho mpaka apate kingine. Na mtoto aliyezoea kusimulia kwa lugha ya nyumbani huhamisha ufundi huo kwenye lugha ya shule. Asiyejua kusimulia kwa lugha yoyote ndiye anayepata taabu.

"Maneno hayo ni rahisi kwako, mwalimu," Eulogio akasema. "Wewe hukuchekwa."

"Nilichekwa mpaka nikajikojolea darasani, kaka. Aliyekosea ni nani, mimi au waliocheka?"

Eulogio aliitwaa simu, akauliza kama aitupe.

"Usiitupe. Ibadilishie kazi," akajibu Hermelinda.

Akawaonyesha. Sayda apige picha za vitu vya nyumbani. Bibi atazame picha na kusema kwa Kikechua anachokiona, na simu inase sauti yake. Mtoto asikilize, ajibu, aulize. Kisha baba au mama azungumze naye juu ya picha ileile kwa Kihispania. Katuni si lazima ziishe, ila zitazamwe kwa muda mfupi, na mtu mzima awe kando yake akiuliza: huyu anafanya nini, kwa nini amekimbia, wewe ungefanyaje?

Hermelinda alipoondoka, kazi ilianza, na haikuwa nyepesi. Siku tatu Sayda alililia katuni zake. Alijitupa chini, akakataa kula. Zenovia alikuwa karibu kushindwa, lakini Eulogio alimwambia avumilie, akamchukua mtoto kwenda naye kulisha alpaka. Bi Asunta naye alikuwa na shida yake. Kila alipowekewa simu mbele alinyoosha mgongo, akaisalimu kama anavyomsalimu mkuu wa wilaya, kisha akakosa la kusema.

Siku ya nne Sayda alipiga picha kumi na moja, na zote zilikuwa za miguu ya bibi yake. Bi Asunta alizitazama moja moja.

"Basi mimi sina kichwa?" akauliza kwa Kikechua, huku akijishika kichwa.

Sayda alicheka. Akakishika kichwa cha bibi na kulirudia neno lile. Bibi akashika pua, mtoto akarudia. Walifika mpaka vidole vya miguu. Hawakujua kwamba simu ilikuwa bado inanasa sauti. Zenovia aliisikiliza jikoni, akairudia mara tatu.

Tangu hapo waliendelea bila kukosa siku. Wakati wa kunyoa alpaka walipiga picha za manyoya. Wakati wa kupanda viazi walipiga picha za mbegu. Jioni, baada ya chakula, Zenovia alifungua picha moja na kumwuliza binti yake habari zake. Mara nyingine Sayda alianza sentensi kwa Kihispania akaimalizia kwa Kikechua. Zamani Zenovia angemsahihisha. Sasa alimjibu tu kwa sentensi kamili na kumwacha aendelee.

Kufikia mwezi wa kumi na mbili Sayda alikuwa akigombana na bibi yake kwa Kikechua kuhusu nani anatembea polepole. Bi Asunta alilalamika kwa majirani kwamba mtoto huyu hamwachi apumzike. Alilalamika kila siku, na kwa sauti ya furaha.

Mwezi wa tatu Sayda aliingia darasa la kwanza. Mwalimu wake alikuwa kijana mgeni kutoka mjini. Wiki ya pili aliwataka watoto wasimulie jambo walilofanya wakati wa likizo. Wengi walisema neno moja au mawili, wakakaa. Sayda alisimulia alpaka alivyozaa kwenye mvua, na jinsi yeye na bibi walivyomfunika mtoto wake. Aliposahau neno la Kihispania alilisema kwa Kikechua, akaonyesha kwa mikono, akaendelea.

Mwalimu alikwenda nyumbani kwao kuuliza walimfundisha vipi. Zenovia alimweleza yote, na picha akamwonyesha. Mwalimu alikubali kwamba yeye mwenyewe hajui Kikechua. Akaomba mzazi mmoja aje darasani kila Ijumaa, asimulie kwa Kikechua juu ya kazi za hapa, na watoto wachore na kuandika maneno kwa lugha zote mbili.

Zenovia alidhani anayetakiwa ni yeye. Lakini Eulogio alisema, "Nitakwenda mimi."

Ijumaa hiyo alivaa kofia yake nzuri. Akasimama mbele ya ubao, mtu ambaye hakuwa amekanyaga darasa kwa miaka ishirini. Alitoa manyoya mfukoni. Kisha akaanza kueleza kwa Kikechua jinsi ya kusokota kamba ya manyoya, huku akisokota. Watoto wawili waliotoka mjini hawakuelewa. Sayda alihamia dawati lao, akawatafsiria kwa Kihispania, sentensi baada ya sentensi. Hakuna aliyecheka, ila pale kamba ilipomkatikia Eulogio mkononi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.

Alipomaliza, mwalimu alimwomba aje tena wiki ijayo. Eulogio alisema wiki ijayo atakuja mama yake, Bi Asunta, kwa sababu anajua mengi kuliko yeye.